Clara Schumann: Mama aliyelea wanawe kwa piano

Msomaji, hebu fikiria nyumba ya mume na mke ambao wote wawili wana kipawa cha muziki. Kuta zake ni nyembamba. Mke akigusa piano, mume hawezi kutunga nyimbo zake. Je, ni nani atakayenyamaza?

Katika nyumba ya Clara Schumann, jijini Leipzig, Ujerumani, aliyenyamaza ni mke. Na ajabu ni kwamba, wakati huo, mke ndiye aliyekuwa na jina kubwa kuliko mumewe.

Clara alizaliwa jijini humo tarehe 13 Septemba, 1819. Wazazi wake walitengana angali mdogo, akabaki na babake, Friedrich Wieck, aliyekuwa mwalimu wa piano. Mzee huyo aliamua mapema kwamba bintiye atakuwa gwiji, akamfunza kila siku bila kulegeza kamba. Mwaka wa 1828, akiwa na umri wa miaka tisa tu, Clara alipiga piano mbele ya umati katika ukumbi wa Gewandhaus. Alipofika miaka 16, alirudi na utungo wake mwenyewe wa piano na okestra, huku mtunzi mashuhuri Felix Mendelssohn akiiongoza okestra hiyo.

Ndipo mapenzi yakaingia. Robert Schumann, aliyemzidi Clara kwa miaka tisa, alikuwa mwanafunzi wa babake na aliwahi kuishi nyumbani mwao. Mzee Wieck alikataa katakata kumwoza binti yake. Wapenzi hao wakaenda mahakamani, wakashinda, na kufunga ndoa tarehe 12 Septemba, 1840. Siku iliyofuata Clara alitimiza umri wa miaka 21.

Robert alikuwa ameumia mkono, kwa hivyo hangeweza kuwa mpiga piano wa jukwaani. Kazi yake ilikuwa kutunga, na kutunga kulitaka kimya. Katika shajara ambayo wanandoa hao waliandika kwa zamu, Clara alilalamika kwamba hapati nafasi ya kufanya mazoezi. Hata alianza kujishuku, akijiuliza kama kweli mwanamke anapaswa kutamani kuwa mtunzi. Wakati huo huo watoto walikuwa wakizaliwa mmoja baada ya mwingine: wanane kati ya 1841 na 1854, na mmoja wao, Emil, alifariki akiwa mchanga.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1853. Familia hiyo, iliyokuwa sasa ikiishi Düsseldorf, ilikuwa katika nyumba ambamo Clara alipata chumba mbali na cha mumewe. Hatimaye angeweza kupiga piano bila kumsumbua mtu. Na unajua kilichotokea, msomaji? Katika majira ya joto ya mwaka huo alitunga vipande kadhaa vya piano, vya piano na fidla, pamoja na nyimbo za kuimbwa. Alichokosa miaka yote hiyo hakikuwa kipawa. Kilikuwa chumba.

Furaha hiyo haikudumu. Mnamo Februari 1854 Robert, aliyekuwa akiugua akili, alijitupa katika mto Rhine. Aliokolewa, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko akafariki Julai 1856. Clara, aliyekuwa mja mzito mumewe alipopelekwa huko, alijifungua mtoto wa mwisho Juni 1854. Miezi michache baadaye alikuwa safarini tena akitumbuiza, kwani watoto saba walihitaji chakula na karo.

Tangu hapo hakutunga tena ila kwa nadra sana. Lakini alipiga piano kote Ulaya, akazuru Uingereza mara nyingi, na kuanzia 1878 akafunza katika chuo cha muziki cha Frankfurt. Aliwazika wanawe watatu waliokuwa watu wazima, na akawalea wajukuu. Tamasha lake la mwisho lilikuwa mwaka wa 1891, zaidi ya miaka 60 baada ya lile la kwanza. Alifariki tarehe 20 Mei, 1896.

Ujerumani ilimkumbuka. Kuanzia 1990 hadi noti za yuro zilipoanza kutumika mwaka wa 2002, sura yake ilikuwa kwenye noti ya marki 100.

Hata hivyo, swali linabaki: je, angetunga mangapi iwapo angepata chumba kile tangu mwaka wa 1840?

Pengine nyumbani kwako hakuna piano. Lakini huenda kuna binti anayeacha kitabu ili avipikie vyombo moto huku nduguye akisoma, au mama aliyeiweka kando cherehani yake ili wengine wapumzike. Leo jioni, tazama vizuri nani ananyamaza ili mwingine asikike. Kisha mpishe naye.