Panda Kilima Ungali Mjini

Katika majumba ya mazoezi mijini imo mashine iliyoenea tangu miaka ya 1990. Mtu husimama juu ya vikanyagio viwili, akavizungusha kwa miguu huku mikono ikisukuma na kuvuta mipini. Wengi huipanda nusu saa wakashuka wakavu. Wameilegeza mno, mashine ndiyo iliyowabeba.

Ukitaka kujua mwili unadai nini, mtazame mkulima wa Kakonko, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, asukumapo baiskeli yenye mzigo kupanda kilima. Mapaja, mgongo na mikono hushirikiana, na moyo huenda mbio. Kilima hakilegezwi.

Basi, kaza mashine hadi uhisi mpando. Simama wima, usiiegemee mipini. Anza polepole kwa dakika 5, kisha shika mwendo. Kipimo ni pumzi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Yaani nusu saa kwa siku 5.

Huna mashine? Ngazi za ofisini hazina kiingilio. Mwenye maradhi ya moyo au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Lakini anayeketi kutwa asisubiri: shinikizo la damu na kisukari humwingia mmoja, nyumba nzima ikaugua.