Mahindi yakifika Namanga, masharti yameshageuka

Ijumaa ya Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya (AFA) iliwaandikia watu wa forodha barua: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, yamekutwa na sumukuvu kupita kiwango. Malori yaliyokwisha kupakia hayakuwa na habari. Yalifika Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, yakakuta foleni.

Jumatano iliyofuata, Machi 10, zuio liliondolewa, ila mlango haukufunguliwa kama ulivyokuwa mwanzo. Mwagizaji sasa alitakiwa asajiliwe na aonyeshe ghala lake lilipo. Kila shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, pamoja na cheti cha uasili kinachotaja mahindi yalikolimwa. Sharti hili la mwisho ndilo lililowatoa jasho wengi. Dalali aliyeokoteza gunia tatu hapa na tano pale, akazimwaga pamoja kwenye lori moja, atataja kijiji gani?

Wapo waliosema ni fitina za kibiashara tu, Kenya inalinda wakulima wake. Huenda hilo nalo lilikuwamo, lakini si lote. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, nchini Tanzania. Nchi yenye makaburi ya namna hiyo haihitaji kisingizio ili ipime mahindi ya jirani.

Na kipimo chenyewe hakina huruma. Sehemu 10 kwa bilioni maana yake ni miligramu 10 katika tani nzima. Lori la tani 30 likiwa ukingoni kabisa mwa kiwango limebeba sumu isiyofika nusu gramu, nyepesi kuliko kidonge kimoja cha panado. Tena sumu hiyo haijatapakaa sawasawa: gunia moja safi, la pili safi, la tatu limebeba punje chache zilizooza zenye sumu ya kuchafua shehena yote. Ndiyo maana mkaguzi akichoma bambo la kutolea sampuli kwenye magunia mawili ya mlangoni, majibu yake ni bahati nasibu. Mfanyabiashara makini huchoma bambo mwenyewe, magunia mengi, juu, katikati na chini, kabla lori halijaondoka ghalani. Sampuli ikifeli huko, hasara ni ya kuchambua na kuuza soko jingine. Ikifelia mpakani, kuna gharama ya maegesho, posho ya dereva, na mnunuzi wa Nairobi ambaye keshanunua kwingine.

Sumukuvu huanzia shambani, ikanenepa kwenye unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Wengi bado hupima kwa meno: punje ikilia kwa kukatika, imekauka. Chupa na chumvi ni afadhali. Mahindi hutiwa kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, ikatikiswa kisha ikaachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Hata hivyo chupa hiyo haioni tofauti ya asilimia 13.5 na 14.5, na anayeuza nje hana budi kununua kipima unyevu.

Makaratasi nayo yana msimu wake. Kwa upande wa Tanzania, cheti cha afya ya mimea hutoka TPHPA, viwango ni kazi ya TBS, uasili na forodha huenda TRA, na kibali cha kuingiza humsubiri mnunuzi upande wa pili. Anayeanza kuvitafuta siku ya kupakia keshachelewa. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO) huzitaka nchi zitangaze sharti jipya la afya ya mimea au la viwango mapema na kutoa takriban siku 60 za maoni. Matangazo hayo hutumwa bure kwa barua pepe kupitia mfumo wa ePing. Tatizo ni kwamba hatua za dharura zinaruhusiwa kuruka hatua hiyo, na mipakani kwetu dharura ni nyingi.

Wala mabadiliko hayatoki kwa jirani peke yake. Mwaka 2017 Tanzania yenyewe ilizuia mahindi yasitoke, ikitaka yasagwe kwanza na uuzwe unga. Mwaka 2023 malori yalikwama tena mpakani, safari hii wenye mzigo wakidaiwa kibali cha kusafirisha na leseni. Kusini nako, Machi 2025, Malawi ilifunga uingizaji wa bidhaa kadhaa, zikiwemo ndizi, mchele na tangawizi. Aprili, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo kwa miaka ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania. Muda mfupi baadaye zuio likaondolewa, mazungumzo yakaendelea. Serikali zinaweza kusubiri mazungumzo. Ndizi iliyokwisha kukatwa haiwezi.

Hapo ndipo soko la pili linapokuwa na thamani, hata kama lina faida ndogo. Ukame wa mwaka 2024 uliifanya Zambia igeukie mahindi ya Tanzania, na aliyezoea Namanga tu alilazimika kuijua njia ya Tunduma kwa haraka. Mteja wa ukame hata hivyo hutoweka mvua ikinyesha. Kumjengea ghala ni kubahatisha.

Mikataba ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Biashara nyingi za mpakani huishia kwenye simu na jina la mtu anayeaminika, jambo zuri mpaka siku lori linapokwama. Nani analipa siku za kusubiri? Mzigo ukirudishwa ni wa nani? Hata neno gunia ni la kuangaliwa: Kenya ni kilo 90, Tanzania ni 100, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ina uzito wa mfungaji wake. Afadhali kilo ziandikwe.

Mwenye mzigo mdogo ana nafuu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi dola 2,000 za Marekani kwa mara moja, na cheti cha uasili hutolewa palepale mpakani. Unafuu huo lakini haufuti ukaguzi wa afya, na wengi huligundua hilo wakiwa wameshasimamishwa.

Swali linalobaki ni nani agharamie ukavu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, linabaki na takriban kilo 95. Mkulima anayelipwa bei ileile kwa kilo, kavu au mbichi, amepoteza kilo 5 kwa kufanya kazi nzuri. Mnunuzi anayetaka shehena isiyorudishwa Namanga itabidi azilipe kilo hizo kwenye bei, tena amwambie mkulima hivyo kabla ya mavuno, turubai za kukaushia zikiwa bado dukani.