Soja Asiye na Jina

Paukwa! Mkiitika "pakawa", tayari mnajua kwamba fisi akitokea ni mlafi na sungura akitokea ni mjanja. Sihitaji kuwaeleza. Fisi huingia hadithini amevaa ulafi wake kama kofia, nami hushukuru, maana hunipunguzia kazi. Tena fisi hana ndugu aliyeketi mstari wa mbele akisikiliza.

Leo fisi apumzike. Nina wanafunzi wanane, simu ya mwalimu wao ya kurekodia, na soja wa lango la shule.

Wanafunzi hao walikuwa wakitengeneza filamu fupi ya tamasha la drama, nami nikaitwa kuwatupia jicho. Kisa chao kilihusu pesa za safari zilizopotea. Kulikuwa na Mkikuyu anayehesabu kila shilingi, Mkamba anayetaka kwenda kwa mganga, Mpwani aliyejilaza mkekani mchana kutwa, na soja Mluhya anayesema "papa" badala ya "baba". Nikawauliza mwizi ni nani. "Soja," wakajibu. Mbona soja? Wakatazamana. Wallahi hakuna aliyejua. Kalamu ilikuwa imefuata njia inayoijua, kama punda anayerudi zizini.

Kijana mmoja akanikabili: "Mwalimu, mbona Mzee Ojwang' alitumia lafudhi na nchi nzima ikampenda?"

Swali zuri hilo. Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*, kile kipindi cha vichekesho cha runinga, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Sisemi kila kichekesho cha zama zile kilikuwa safi. Vingine nikivitazama sasa nakunja uso. Lakini Ojwang' alikuwa na mke, Mama Kayai, wa kubishana naye. Alikuwa na majivuno, na hila zilizomgeuka mwenyewe. Lafudhi ilikuwa mlango tu. Ukiingia ndani, unamkuta mtu. Soja wa vijana wangu alikuwa mlango usio na nyumba.

Kamera nayo ina fitina zake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso mtulivu usioonyesha lolote, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza. Uso ni uleule. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama anavyoona njaa, tazama anavyohuzunika!

Tukajaribu palepale. Tulirekodi uso wa kijana aliyeigiza soja, tukaufuatisha na picha ya mkoba ulio wazi. Mwizi huyo! Tukautoa mkoba, tukaweka picha ya mtoto anayelala. Sasa akawa baba. Kijana mwenyewe hakuwa amekunja hata ndita moja. Binti aliyekuwa akihariri akatazama tena walichokwisha kurekodi, akagundua kwamba soja peke yake ndiye aliyepigwa picha kutoka juu ya ngazi, akaonekana mdogo kama kuku uani. Wengine wote kamera ilisimama nao uso kwa uso. Hakuna aliyepanga hivyo.

Nikawatuma wawili langoni, bila simu, wakakae na soja halisi. Nilidhani watarudi na simanzi. Walirudi wakicheka. Mzee yule Mluhya ni shabiki wa kufa wa Gor Mahia, mahasimu wa timu ya soka ya Waluhya, na watu wa kwao hawajamsamehe! Aliwaonyesha daftari la wageni, akawaeleza kwamba saa ngumu kuliko zote ni ile ya kabla ya alfajiri, na kwamba tochi yake imekufa tangu muhula uliopita. Kisha akauliza, "Huyo soja wenu anaitwa nani?"

Hawakuwa na jibu. Katika orodha ya wahusika waliandika SOJA, basi.

Wakaandika upya. Mkamba na mganga wake wakaondoka, wala hakuna aliyewakosa. Mpwani ndiye aliyeleta ubishi. Nilitaka aondolewe, lakini binti aliyemwandika, mwenyeji wa pwani, akakataa katakata: "Huyo ni mjomba wangu kabisa! Analala mchana kwa kuwa usiku yuko baharini." Nikanywea. Basi filamu ikaanza na miguu ya mjomba mkekani chini ya mwembe, kamera ikasogea polepole hadi kwenye wavu uliokuwa ungali unachuruza maji, na karabai kando yake.

Pesa zilikutwa wapi, mtaitazama wenyewe. Soja aliitazama langoni, simu ameishika kwa mikono miwili, hasemi kitu. Majina ya wahusika yalipopita, akaomba warudishe nyuma kidogo.