Familia, duka na historia katika hadithi fupi za M.G. Vassanji

Uhuru Street, mkusanyiko wa hadithi fupi wa M.G. Vassanji uliotoka mwaka 1991, una hadithi 16 kuhusu familia zenye asili ya India jijini Dar es Salaam. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Baba yake alipofariki, mama aliwahamishia watoto Dar es Salaam, akawalea kwa mapato ya duka. Nyumba ya namna hiyo, yenye mama mjane, watoto wengi na wateja mlangoni, ndiyo chimbuko la hadithi zake.

Barabara yenyewe iliitwa Kichwele kabla ya uhuru, nayo inafika Kariakoo, mtaa ambao jina lake, kama la Kariokor ya Nairobi, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maisha anayoyaeleza Vassanji si mageni kwa mkazi wa Kariokor aliyezoea kuvuka kwenda Ngara kununua nguo: biashara na familia haviachani, na hesabu ya duka ndiyo inayoamua nani atasoma na nani ataacha shule.

Hadithi ya “Leaving” inaonyesha hali hiyo kwa karibu. Familia imeuza duka na kuhamia Upanga, mtaa mtulivu. Mabinti wawili wameolewa, kaka mkubwa aliacha shule, na matumaini yote yako kwa mdogo wake, Aloo. Kijana anataka udaktari, lakini serikali inampangia kilimo. Anaandikia vyuo vya ng’ambo, na chuo kimoja cha California kinamkubali. Mama anakwenda kuomba ushauri kwa mzee aliyewahi kusimamia shule, naye anamwonya kwamba akimruhusu kijana aende, atampoteza. Mwishowe mama anamruhusu, kwa sharti kwamba asije akaoa mzungu. Hakuna ugomvi mkubwa wala kifo, ila katika mazungumzo ya nyumbani msomaji anauona uchungu wa mzazi anayejua kwamba kumtakia mwanawe mema ni kumwachia aende zake.

Katika “Breaking Loose” anayeuvuka mpaka ni binti. Yasmin, mwanafunzi wa chuo kikuu, anakuwa karibu na Akoto, profesa kutoka Ghana, na mama yake anapata mshtuko. Hapa Vassanji haifichi aibu ya jamii yake. Watu walioishi na Waafrika kwa miaka mingi, wakauziana nao na kuwaajiri majumbani, bado wanatetemeka Mwafrika anapotajwa kama mchumba. Upendo wa mama ni wa kweli, na ubaguzi wake pia ni wa kweli. Mwandishi anaviweka vyote viwili katika moyo mmoja.

Historia ya nchi huingia kwa njia hiyo hiyo. Uhuru, siasa ya Ujamaa na utaifishaji wa majengo mwaka 1971 vinajitokeza kwa namna vinavyoigusa familia: nafasi ya masomo inayokosekana, duka lililouzwa, jirani aliyehama. Hadithi za mwanzo ni za utotoni mtaani. Za baadaye zinawafuata walioondoka. Vassanji mwenyewe alikwenda Marekani kusoma fizikia, kisha akahamia Kanada mwaka 1978.

Waandishi wa Marekani wenye asili ya Meksiko wamepita njia inayokaribiana na hiyo. Sandra Cisneros, katika The House on Mango Street ya mwaka 1984, aliusimulia mtaa mmoja wa Chicago kwa vipande vifupi, na Gary Soto, katika Baseball in April ya mwaka 1990, aliandika juu ya watoto wa familia za kipato cha chini huko California. Kama Vassanji, wote wawili waliandika kuhusu jamii ambazo vitabu vikubwa vilizitaja kwa nadra, na hawakuzipamba. Ndiyo sababu hadithi hizi zinafaa kusomwa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako familia za makabila mengi zinashiriki ngazi na bomba moja la maji: zinathibitisha kwamba mambo ya jikoni na dukani yanatosha kubeba fasihi nzito.