Mhadhiri Anaporudi Kutoka Masomoni: Vyuo vya Unguja na Kazi ya Kubaki na Watu Wake

Mhadhiri ni mfanyakazi ambaye chuo humlea chenyewe, na malezi hayo mara nyingi huchukua miaka kumi hivi. Kijana aliyefaulu vizuri shahada ya kwanza huajiriwa kusaidia ufundishaji, akaenda kusoma uzamili na kurudi akiwa mhadhiri msaidizi, kisha akatoka tena kutafuta uzamivu ndipo awe mhadhiri kamili. Mbele yake kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, vyeo ambavyo miaka ya kazi peke yake haivileti. Vinataka utafiti uliochapishwa. Mtu kama huyo akiondoka, tangazo la nafasi ya kazi halizibi pengo. Imepotea mishahara ya miaka aliyokuwa masomoni, pamoja na jasho la wenzake waliombebea vipindi.

Unguja hasara hiyo huonekana zaidi kwa kuwa vyuo vikuu vyake ni vichache na bado vichanga. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, ambacho ni cha binafsi, kilianza 1998, sawa na chuo cha ualimu cha Chukwani ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mzizi wake mmoja uko Vuga, Mji Mkongwe, katika iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI. Mwaka 2016 serikali ilianza kukiunganisha na vyuo vyake vingine, kikiwamo cha fedha cha Chwaka, cha utalii cha Maruhubi na cha afya cha Mbweni. Mwalimu wa stashahada ambaye ngazi yake ilikuwa fupi akajikuta ndani ya taasisi ambayo ngazi yake inafika kwenye uprofesa. Akajikuta pia anapimwa kwa shahada na machapisho, vitu ambavyo hakuajiriwa kwavyo.

Kuna na jambo la kikatiba ambalo aghalabu husahauliwa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini utumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar si la Muungano. Vigezo vya kitaaluma husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ilhali ajira na maslahi katika chuo cha umma huenda kwa sheria na bajeti ya Zanzibar. Mhadhiri anaweza kutimiza kila sharti la kitaaluma na bado akasubiri fedha za cheo kipya.

Mwanauchumi wa Marekani Gary Becker, katika kitabu chake cha 1964 kuhusu mtaji uliomo ndani ya watu, alitenganisha mafunzo yanayomfaa mwajiri mmoja na yale yanayofaa popote. Kuujua mfumo wa mitihani wa chuo fulani ni ujuzi wa aina ya kwanza. Uzamivu wa sayansi ya bahari ni wa aina ya pili: unahitajika Dar es Salaam, Mombasa na Muscat vilevile. Ndiyo sababu waajiri humfunga mtumishi kwa mkataba kabla ya kumruhusu kwenda kusoma: arudi atumikie muda uliokubaliwa, la sivyo alipe.

Mkataba humrudisha mtu, lakini haumpi sababu ya kukaa. Wakati wa hatari ni miezi ya mwanzo baada ya kurudi. Huko alikotoka alikuwa na maabara, maktaba na msimamizi wa kujadiliana naye. Hapa anaweza kupokewa na mzigo wa vipindi vilivyokuwa vikimsubiri, meza ya kushirikiana, na cheo kilekile mpaka kamati ya kupandisha vyeo ikutane. Marafiki wa ughaibuni bado wanamwandikia. Tiba yake haina gharama kubwa kama inavyodhaniwa, ila inataka kupangwa kabla hajapanda ndege ya kurudi: vipindi vichache mwaka wa kwanza, fungu dogo la utafiti, na tarehe ya kujadiliwa kwa cheo chake. Njia nyingine ni kupunguza safari yenyewe. SUZA inatoa uzamivu wa Kiswahili hapahapa Unguja, na anayeusomea nyumbani hang'oki katika idara yake.

Wanaoondoka wana njia zaidi ya moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walimu na makarani wengi waliihama Zanzibar. Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwaka 1970, nchi yake ilikuwa na shule tatu tu za mfumo wa kisasa, na Waomani waliosomea Zanzibar wakapata nafasi katika ofisi zake mpya. Siku hizi wapo wanaovutwa na mahoteli, mabenki na Dar es Salaam, saa mbili hivi kwa boti. Siasa nayo huchukua wasomi. Profesa Makame Mbarawa, Mzanzibari aliyefundisha uhandisi Afrika Kusini, alirejea Tanzania akawa waziri mwaka 2010. Taifa lilimpata, ukumbi wa mihadhara haukumpata.

Mwaka 2001 mtafiti Terence Mitchell na wenzake waligeuza swali: badala ya kuuliza kwa nini watu huondoka, waliuliza kwa nini hubaki. Walitaja mafungamano ya mtu na wenzake, kuoana kwake na mahali alipo, na kile atakachokiacha akihama. Unguja mambo hayo yana nguvu: wazee wanaotunzwa, kiwanja kilichonunuliwa Fuoni, watoto walio madrasa. Lakini mhadhiri anaweza kubakia kwa ajili ya mama yake huku utafiti wake ukiwa umekufa zamani. Takwimu za utumishi zitamhesabu kuwa amebaki, na uongozi unaozitegemea hizo peke yake utajidanganya.

Wasiofundisha husahaulika kabisa katika mjadala huu. Fundi sanifu wa maabara, mkutubi na afisa wa usajili ndio wanaojua mashine ipi inasumbua na jalada lipi liko wapi, na ujuzi huo haumo kwenye cheti chochote. Uingereza ilianzisha mwaka 2017 ahadi ya vyuo na taasisi za utafiti kuwatambua mafundi sanifu na kuwapa njia ya kupanda. Kwa maabara za Tunguu na za Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, pa kuanzia ni padogo zaidi: daraja la juu ambalo fundi hulifikia bila kulazimika kuacha vyombo vyake na kugeuka afisa utawala.