Vazi la Armstrong lilishinda Mwezi, likazidiwa na kabati la kioo

VAZI alilolivaa Neil Armstrong alipokanyaga Mwezi Julai 20, 1969 lilistahimili jua lisilo na kivuli, baridi kali na mahali pasipo na hewa hata kidogo. Kilichokaribia kuliangamiza ni miaka lililosimama ndani ya kabati la kioo mjini Washington, huku mamilioni ya wageni wakipita mbele yake.

Mwaka 2006 Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Marekani, yaliyo chini ya taasisi ya Smithsonian, yaliliondoa vazi hilo kwenye maonyesho na kulilaza katika ghala lenye ubaridi. Halikuonekana tena hadharani hadi Julai 16, 2019, siku iliyotimiza miaka 50 tangu chombo cha Apollo 11 kiondoke duniani. Katika kipindi hicho wataalamu walilazimika kujibu swali linaloonekana jepesi: kwa nini nguo iliyokwenda Mwezini na kurudi salama ichakae ikiwa imekaa tu?

Jibu limo katika namna lilivyotengenezwa. Vazi hilo si nguo moja, bali ni matabaka 21 yaliyoshonwa na kugandishwa pamoja. Liliundwa na kampuni ya ILC ya mjini Dover, jimbo la Delaware, ambayo kabla ya hapo ilifahamika zaidi kwa kutengeneza sidiria na nguo nyingine za ndani za wanawake. Mafundi cherehani wake, wengi wao wanawake, walitakiwa kushona kwa usahihi ambao hauruhusu kosa la hata milimeta moja, na vipande vya vazi vilipigwa eksirei kuhakikisha hakuna pini iliyosahauliwa ndani. Pini moja ingeweza kutoboa tabaka la mpira linalozuia hewa isitoke, na mvaaji angekufa.

Tabaka hilo la mpira, lililokuwa uhai wa mwanaanga, ndilo leo adui mkubwa wa vazi lenyewe. Mpira huzeeka. Ukikutana na hewa, mwanga na joto kwa miaka mingi hupoteza unyumbufu, ukawa mgumu na mwishowe ukapasuka, jambo linalofahamika kwa yeyote aliyewahi kuacha baiskeli juani miezi kadhaa. Madini ya shaba, kama yale yaliyomo kwenye zipu za vazi, huharakisha uharibifu huo pale yanapogusana na mpira. Mirija ya plastiki nayo huvuja taratibu dawa iliyotiwa kuifanya iwe laini, ikaacha utelezi wa kunata na madoa ya rangi ya kahawia. Baadhi ya malighafi hizo hutoa pia gesi yenye asidi. Gesi hiyo ikikosa pa kutokea, hubaki ndani na kula kila kilicho jirani, zikiwamo pete za chuma zinazounganisha glavu na mikono.

Ieleweke kwamba waliolibuni hawakukosea. Waliagizwa kutengeneza kitu cha kumlinda mtu kwa siku chache, si cha kudumu karne.

Vyombo vya chuma havina taabu ya namna hiyo. Friendship 7, kwa mfano, chombo alichotumia John Glenn kuizunguka dunia mara tatu Februari 20, 1962, kimo katika hazina ya makumbusho hayo hayo. Safari hiyo ilifuatiliwa na vituo vya Marekani vilivyotawanywa duniani, kimojawapo kikiwa Tunguu, Zanzibar. Chuma kina kutu yake, lakini kutu huonekana kwa macho na dawa yake inajulikana. Ugonjwa wa vazi uko ndani, na huwezi kulifumua ili uutazame bila kuliua.

Ndiyo maana wahifadhi, akiwamo Lisa Young wa makumbusho hayo, walitumia mashine za hospitali. Vazi lilipigwa eksirei na kupitishwa kwenye mashine ya CT, ile inayowapiga wagonjwa picha za vipande vya mwili. Kwa njia hiyo waliona hali ya mpira, mishono na mirija bila kuugusa uzi hata mmoja. Matokeo yake yaliwaongoza kujua sehemu zipi zinaweza kukunjwa na zipi hazithubutu.

Kisha kukaja suala la vumbi. Juu ya kitambaa cheupe, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, kulikuwa na vumbi la aina mbili: la Washington na la Mwezini. La kwanza ni uchafu, la pili ni ushahidi. Mwezini hakuna upepo wala maji ya kulainisha chembe, hivyo vumbi lake ni kali kama vigae vilivyosagwa na hujichimbia ndani ya kitambaa. Uamuzi uliofikiwa ni kuliacha, pamoja na madoa yake. Wapo ambao wangependa kuona vazi linang’aa kama jipya, lakini vazi jipya lingeweza kushonwa popote. Lililochafukia Mwezini ni adimu.

Kwa hakika hata lililopo si kamili. Mfuko wa mgongoni uliobeba oksijeni na viatu vya nje vilivyoacha nyayo mashuhuri viliachwa hukohuko ili kupunguza uzito wakati wa kurejea. Viatu anavyoviona mgeni kwenye makumbusho ni vile vya ndani.

Kazi hiyo ilihitaji fedha ambazo bajeti ya serikali haikuzitoa. Julai 2015 Smithsonian iliomba msaada wa wananchi kupitia mtandao wa Kickstarter, ikilenga dola 500,000. Zilipatikana zaidi ya dola 700,000 kutoka kwa watu zaidi ya 9,000. Sehemu ya fedha hizo iligharimia sanamu maalumu ya kulivalisha vazi, yenye matundu yanayopitisha hewa kutoka ndani ili gesi za asidi zisijikusanye, na kabati linalodhibiti joto, mwanga na unyevunyevu.

Wakati mwingine tatizo huwa ni kukitambua kitu chenyewe. Baada ya Armstrong kufariki mwaka 2012, mjane wake alikuta kabatini mfuko mweupe wa kitambaa uliojaa vifaa. Wataalamu walivilinganisha na nyaraka za safari na mazungumzo yaliyorekodiwa, ambamo Armstrong anasikika akimweleza mwenzake Michael Collins kuwa ni takataka tu. Miongoni mwa “takataka” hizo ilikuwamo kamera iliyopiga filamu ya kutua Mwezini.

Hali ilikuwa kama hiyo mwaka 2013, mabaki ya injini za roketi yalipoopolewa kutoka kina cha mita zipatazo 4,300 katika Bahari ya Atlantiki, katika msafara uliogharimiwa na Jeff Bezos. Namba nyingi zilikuwa zimeliwa na chumvi. Katika makumbusho ya Cosmosphere, Hutchinson, Kansas, mhifadhi mmoja alimulika kipande kwa taa maalumu na kuona chini ya kutu namba 2044. Ilikuwa injini ya tano, ile ya katikati, ya roketi ya Apollo 11.

Vazi la Armstrong sasa limo katika ukumbi wa safari za Mwezini uliofunguliwa Oktoba 2022. Mavazi mengine mengi ya wanaanga yamelazwa ghalani huko Chantilly, Virginia, penye ubaridi wa chini ya nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 30 hivi. Mpira wake unaendelea kuwa mgumu, ila polepole zaidi.