Udugu wa Mashabiki Wasioonana

Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha wataalamu wa nafsi na wa jamii ni hili: yawezekanaje watu wasiopata kuonana uso kwa uso, wasiounganishwa na nasaba wala dini wala kazi, wakawa masahibu wa kufaana katika maradhi na misiba, kwa sababu tu wote wanaupenda muziki wa kundi moja? Wala si swali dogo, kwani utafiti wa Naomi Eisenberger na wenziwe, uliotangazwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba mtu anapotengwa, hata katika mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, huzidi kufanya kazi sehemu ya ubongo ambayo hushughulika pia mwili unapopatwa na maumivu.

Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford ameeleza kwa muda mrefu kwamba muziki huwaunganisha watu kwa njia ya endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Kwa kuwa ni taabu kuipima dawa hiyo ndani ya ubongo, yeye na wenziwe walipima ustahimilivu wa maumivu, na mwaka 2012 wakaeleza kuwa walioimba, waliocheza na waliopiga ngoma walistahimili zaidi, ilhali kusikiliza peke yake hakukuleta tofauti hiyo. Kweli, watafiti wa Montreal walithibitisha mwaka 2011 kwamba msikilizaji anapofikia kilele cha wimbo aupendao, ubongo wake humimina dopamini, kemikali ihusianayo na raha. Lakini hiyo ni ithibati ya furaha, si ya udugu. Basi shabiki aliyejifungia chumbani usiku, asiyeimba wala kucheza na mtu, huupata wapi udugu wake?

Jibu, kwa maoni yangu, na litafutwe katika yale ambayo mashabiki hutendeana, na sijui mfano ulio bora kuliko wa wapenzi wa Grateful Dead, kundi lililoasisiwa California mwaka 1965. Mwaka 1985, kabla intaneti haijaingia majumbani, ulifunguliwa katika mji wa Sausalito mtandao uitwao The WELL, ambao mtu aliuingia kwa kuiunganisha kompyuta yake na waya wa simu, akalipia kila saa aliyokaa humo. Mwaka uliofuata mashabiki hao, waitwao Deadheads, wakajiwekea baraza lao humo, wakakaa saa nyingi hata ikawa, kama alivyosimulia Howard Rheingold katika kitabu chake cha mwaka 1993, hakuna waliouletea mtandao ule mapato makubwa kuwashinda katika miaka ya mwanzo.

Humo walipanga pia kupelekeana kanda za muziki, kwani kundi lile liliwaruhusu wasikilizaji kurekodi maonyesho yake, na mwaka 1984 likawatengea mahali pao maalumu. Na kwa kuwa onyesho moja halikufanana na jingine, kila kanda ilitafutwa kwa shauku. Aliyekuwa na kanda safi aliwanakilia wenziwe wachache, na kila mmoja wao akawanakilia wengine, nawe ulilotakiwa ni kupeleka kanda tupu na gharama ya posta tu, maana kuuza kulihesabiwa aibu. Mtu usiyemjua amekesha kwa ajili yako, na kesho wewe utamkeshea mwingine: hapo ndipo uaminifu ulipoota, na wimbo ulikuwa mlango wake tu.

Mlangoni humo yakapita pia mambo mazito zaidi. Mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alieleza mwaka 1996 kwamba wanaoandikiana bila kuonana hupata nafasi ya kuchagua maneno, na msomaji hujazia kwa dhana njema yale asiyoyaona, hata mapenzi yao yakaweza kuzidi ya wanaoonana. Hatari ya kudanganywa imo humo humo, na haifai kufichwa. Aidha tusichanganye ulfa hii na lile penzi la upande mmoja kwa msanii, ambalo Donald Horton na Richard Wohl waliliandika mwaka 1956: mwimbaji hamjui shabiki wake, bali mashabiki wanajuana. Alipofariki Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wa kundi, tarehe 9 Agosti 1995, Deadheads walikimbilia mtandaoni kupeana taazia. Na tangu miaka ya 1980, wale miongoni mwao waliojitahidi kuacha ulevi na dawa za kulevya, wajiitao Wharf Rats, wamekuwa wakikutana wakati wa mapumziko ya maonyesho penye baluni za manjano, ili mtu asilazimike kuchagua baina ya muziki aupendao na uhai wake.

Watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kustaajabu, kwani vyama vya ngoma ya beni vya mwanzo wa karne ya 20, vilivyoshindana kwa magwaride na nyimbo, ndivyo vilivyowasaidia wagonjwa wao na kuwazika maiti wao.

Kwa hiyo nawasihi wazazi na walimu wanaomwona kijana ameinamia simu usiku kucha kwa ajili ya mwimbaji fulani, wasianze kwa kumnyang'anya. Wamwulize kwanza ni nani huko humjulia hali anapougua, naye humjulia hali nani. Akiwataja, wampe nasaha ya tahadhari na wamwache na wenziwe. Asipokuwa na wa kumtaja, hapo ndipo pana sababu ya kuhofu.